Bundi hapigwi mawe, anapigwa picha!

Jamani wapenzi, nani kasema baridi ni ya Ulaya tu? Njooni Tunduma mwezi wa saba, alfajiri, mshike kamera bila glavu muone! Mwenzenu natafuta bundi akiwa angani. Akiruka hatoi sauti, manyoya ya mabawa yake ni laini pembeni, hivyo tegemea macho. Weka spidi 1/1000 ya sekunde, mfuate na lenzi tangu anapoacha tawi. Betri ya akiba ikae kwapani, maana baridi inazimaliza upesi. Majirani eti, "Huyo mchawi, ndege wa msiba!" Nikawaonyesha picha: makuchani kuna panya, yule yule anayetumalizia mahindi ghalani. Mama mmoja akaweka jiwe chini. Bado nyie wengine!