Matairi ya basi huzeeka hata likiegeshwa

ANAYENUNUA basi kuukuu ili aligeuze zahanati ya kutembea au nyumba ya safari huhesabu bei ya injini na malipo ya fundi, akasahau matairi. Kwa kawaida ni 6: 2 mbele na 4 nyuma, na huenda yote yakahitajika kwa mpigo.

Usidanganywe na meno marefu! Mpira huzeeka hata basi likiwa limeegeshwa. Tazama ubavuni: tarakimu 4 za mwisho, mathalani 3519, humaanisha wiki ya 35 ya mwaka 2019.

Kubadilisha moja tu kati ya pacha za nyuma ni akiba ya uongo. Jipya, kwa kuwa ni kubwa kidogo, hubeba mzigo wa mwenzake, likapata moto na laweza kupasuka. Waliobanwa na fedha huweka yaliyovalishwa mpira upya nyuma, na mapya mbele, kwani tairi la mbele likipasuka usukani waweza kumponyoka dereva.