Toroli la karakana: bei iko kwenye magurudumu

Mfanyabiashara anayefungua karakana ya nyumbani, iwe ya samani, ya kuchomelea au ya kutengeneza jenereta, huanza kwa kununua mashine. Toroli la kusukumia mashine hizo hukumbukwa mwisho, wakati mtaji umekwisha, na hapo hununuliwa lolote lililo rahisi. Kosa hilo hugharimu zaidi ya toroli lenyewe, kwani likipinduka huanguka na mashine iliyonunuliwa kwa mkopo.

Kwa Dar es Salaam mnunuzi ana njia mbili: maduka ya zana ya Kariakoo, yanayouza matoroli kutoka nje yakiwa vipande ndani ya boksi, au mafundi wa Gerezani wanaochomelea kwa vipimo vya mteja. Nairobi kazi hiyo hufanywa na mafundi wa jua kali wa Kamukunji. Bei za njia hizo mbili hazilinganishiki kabla ya kutazama magurudumu.

Hesabu yake ni hii. Tuseme mzigo ni kilo 150 na toroli lenyewe kilo 30, jumla kilo 180. Wengi hugawanya kwa 4 na kupata kilo 45 kwa kila gurudumu, hivyo huridhika na gurudumu la kilo 50. Lakini sakafu ya uani haijanyooka. Gurudumu moja likining'inia, mzigo wote hubaki juu ya matatu. Mgawanyo salama ni kwa 3, yaani kilo 60. Gurudumu la kilo 50 halitoshi, hata kama boksi limeandikwa vinginevyo.

Ukubwa nao una thamani. Gurudumu la sentimita 5 hukwama kwenye kizingiti cha mlango, la sentimita 10 au zaidi hupanda. Nailoni huteleza vizuri juu ya saruji laini ila hupiga kelele na huumia kwenye kokoto. Mpira ni mtulivu, lakini mafuta ya injini huuharibu. Mawili yageuke pande zote na yawe na breki, mawili yaende mbele na nyuma tu. Yote manne yakigeuka, toroli lenye mzigo huwa gumu kuliongoza kwenye mteremko. Gurudumu lililofungwa kwa bamba na bolti 4 lipewe nafasi ya kwanza, kwa sababu hubadilishwa kwa spana bila kumwita mchomeleaji.

Kuhusu fremu, mteja wa Gerezani asiuziwe uzito kama sifa. Bamba la chuma la unene wa milimita 1.5, lenye sentimita 60 kwa 90, lina kilo 6 na ushei. Shelfu mbili za aina hiyo zatosha karakana nyingi. Bamba nene zaidi ni fedha iliyolala. Mashine nzito ikae shelfu ya chini, na shelfu ya juu ilingane na meza ya kazi ili mzigo uburutwe badala ya kuinuliwa. Upana upimwe mlangoni kabla ya kulipa malipo ya awali. (Wapo waliolazimika kung'oa fremu ya mlango.)

Je, linalipa? Kijana wa kazi anayepoteza nusu saa kwa siku akibeba zana huku na huko, kwa siku 26 za mwezi, amepoteza saa 13. Mwenye karakana azidishe saa hizo kwa ujira anaoulipa, kisha agawanye bei ya toroli kwa jibu hilo, naye atajua litarudisha fedha baada ya miezi mingapi. Kazi ikiwa ni ya siku mbili kwa wiki, saa hizo hushuka hadi 4 hivi, na huenda meza imara ikafaa zaidi.

Kwa mwenye duka, biashara haiishii kwenye toroli zima. Fremu iliyochomelewa vizuri hudumu kuliko magurudumu yake, na mteja atayarudia. Anayeagiza matoroli bila magurudumu ya akiba yenye bamba la kipimo kilekile anampelekea jirani yake mauzo ya pili.