Paa lilipendeza kwa laptopu, mjengoni likakataa

Simu iliingia saa nne asubuhi, bado niko ndani ya blanketi. Alikuwa fundi wa mjengo mmoja kule Kitengela.

"Kijana, hebu niambie, hizi gata mbili unataka zikutane wapi? Moja iko huku juu, ingine iko chini. Ama maji yatapanda ngazi?"

Nilicheka nikidhani ni mzaha. Kisha akanitumia picha, nikanyamaza. Pale paa la nyumba kubwa linapokutana na lile la bawa la sebule, mbao za ukingoni zilikuwa zimepishana kwa sentimita 21. Na mchoro ulikuwa wangu.

Ukipita Kitengela, Syokimau au Ruiru siku hizi, utaona watu wanavyopenda mapaa ya madoido: migongo mitatu, pembe kila upande, bawa limechomoza mbele. Vijana wengi tumepata riziki hapo. Ukiwa na laptopu yenye nguvu kiasi na unajua Revit, ArchiCAD au SketchUp, hukosi kazi ya kuchora. Mimi niliacha chuo kabla ya kumaliza, nikajifunza Revit kwa video, na sasa humchorea msanifu majengo aliyesajiliwa. Muhuri ni wake, kukesha ni kwangu.

Kosa lenyewe lilianza hivi. Mwenye nyumba ni mwalimu anayejenga kwa mkopo wa sacco. Ramani yake ilikuwa imeshapitishwa. Siku moja akaona picha ya nyumba kwenye simu, akanipigia: "Kijana wangu, paa la mbele mbona liko chini? Si uliinue lilingane na la nyuma?"

Badala ya kumwambia asubiri nimuulize msanifu, nikajitia ujuaji. "Hiyo ni kitu kidogo, mwalimu." Usiku huo nikabadilisha nambari moja kwenye programu, nikamtumia picha tamu pamoja na vipimo vya mabati.

Nambari moja, shida tatu

Nyumba kubwa ilikuwa na upana wa mita 8 na mwinamo wa nyuzi 30. Kutoka ukutani hadi katikati ni mita 4, kwa hivyo mgongo wa paa hupanda mita 2.31 juu ya ukuta. Bawa lilikuwa na upana wa mita 5. Kwa mwinamo uo huo, mgongo wake hupanda mita 1.44 pekee. Hiyo tofauti ya sentimita 87 ndiyo mwalimu hakuipenda, lakini haikuwa kosa. Nyumba nyembamba na nyumba pana zikiwa na mwinamo mmoja, haziwezi kufika kimo kimoja.

Ili kulilazimisha bawa lifike juu, nililipa mwinamo wa karibu nyuzi 43. Migongo ikalingana. Kwenye picha, manze, ilikuwa nyumba ya jarida.

Shida ya kwanza ilikuwa huku chini. Paa langu lilitokeza sentimita 60 nje ya ukuta pande zote. Katika umbali huo, paa la nyuzi 30 hushuka sentimita 34.6. Lile la nyuzi 43 hushuka sentimita 55.4. Toa moja kwa nyingine, unapata zile 21 za fundi.

Shida ya pili ni bonde, yaani ile kona ya ndani ambapo pande mbili za paa humwagiana maji. Miinamo ikiwa sawa na kuta zikikutana kwa pembe mraba, bonde hukata kona katikati kabisa, nyuzi 45 ukilitazama kutoka juu. Miinamo ikitofautiana, bonde huhama upande, na fundi aliyezoea kukata mbao za nyuzi 45 anabaki akikuna kichwa.

Tena kumbuka hili: bonde hulala kuliko paa lenyewe. Kwa paa la nyuzi 30 pande zote mbili, bonde lina mwinamo wa nyuzi 22 tu, na ndilo linabeba maji ya pande zote mbili. Paa likianza kuvuja, hapo ni mahali pa kukagua mapema.

Shida ya tatu ilikuwa mfukoni. Mabati haya ya kisasa huagizwa yakiwa yamekatwa kwa kipimo chako. Kwa mwinamo wangu mpya, bati la bawa lilihitaji urefu wa mita 4.22. Msanifu aliposikia, alisema neno moja: turudi kwenye ramani iliyopitishwa. Kwa nyuzi 30, bati hilo linahitaji mita 3.58. Kila bati zima la bawa likakatwa sentimita 64 na kutupwa. Mbao zilizokuwa zimepigwa misumari zikashushwa na kukatwa upya.

Nilimrudishia mwalimu pesa alizonilipa. Hazikutosha. Alinitazama tu akasema, "Mwanangu, hiyo ni pesa ya mkopo." Afadhali angenifokea.

Programu haikudanganya

Ningependa kulaumu Revit, lakini nikifungua faili ile leo, ile tofauti ya ukingo iko pale pale, wazi. Nilipiga picha kutoka mbele, kona ikajificha. Tena kuna kitufe cha kulinganisha kingo, na hukuuliza swali ambalo nilipaswa kujiuliza: unabadilisha kimo cha paa, au upana wa ukingo? Kwa nyumba ile, ukingo wa bawa ungepunguzwa hadi sentimita 37.5. Au ungeinua ukuta wa bawa, lakini ukuta ukipanda mgongo nao unapanda, unaanza hesabu upya. Hakuna njia ya bure.

Sasa hivi nikipewa paa gumu, huanza na karatasi. Naandika upana wa kila sehemu, mwinamo wake na kimo cha mgongo, kabla sijagusa kipanya. Kwenye programu nakata mkato kupitia kila bawa na kuweka alama za vimo: juu ya ukuta, ukingoni, mgongoni.

Kisha nageuza mchoro nikiwa kama tone la mvua. Naanguka juu, nateremka, naangalia nitatokea wapi. Nikifika mahali paa linashukia ukuta na sina pa kutokea, hapo panahitaji kipaa kidogo cha kuyageuza maji, la sivyo masika yataingia sebuleni.

Mwisho, mikato hiyo namtumia fundi kabla mtu hajaagiza bati hata moja. Wiki jana nilimtumia yule yule wa Kitengela mchoro wa nyumba nyingine. Alikaa kimya saa nzima, kisha akaandika: "Hii maji yatashuka. Lakini hapo kwa chimni, hebu angalia tena."

Niliangalia. Alikuwa sahihi.