Je, Tuombe Tena?



Kule Marekani, kijana aliyehitimu sheria huweza kuomba kuwa karani wa jaji kwa mwaka mmoja au miwili, akisoma kesi na kumwandalia jaji hukumu. Wengi hukataliwa tena na tena. Nasi twazijua barua za "tunasikitika". Je, aombe tena?

Ruth Bader Ginsburg alihitimu Chuo Kikuu cha Columbia mwaka 1959, akiwa miongoni mwa wa kwanza darasani. Majaji hawakumtaka: ni mwanamke, tena ana mtoto mdogo. Mwalimu wake, Gerald Gunther, hakunyamaza. Alimbana Jaji Edmund Palmieri: usipomchukua huyu, sitakuletea mwanafunzi mwingine. Jaji akakubali. Mwaka 1993 Ruth mwenyewe akawa jaji wa Mahakama ya Juu.

Basi ndugu, uliza kwanza sababu. Kama kasoro ni ya kazi yako, irekebishe ndipo uombe. Kama siyo, bisha penginepo. Paulo alipozuiwa kuingia Bithinia hakukaa mpakani akilia, alishuka Troa.

Na wewe mzee wa kanisa, unayeijua kazi ya kijana huyu, umemwombea kwa nani?