Chumvi ya Uvinza na Historia Iliyomo Ardhini

Itajwapo njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji, fikira zetu huelekea kwenye pembe za ndovu, utumwa na wasafiri wa Ulaya. Burton na Speke walifika Kaze, yaani Tabora, mwaka 1857. Livingstone alikaa Kwihara mwaka 1872. Lakini chumvi aliyoilia mpagazi wa Kinyamwezi ilitoka wapi, na ilianza kutengenezwa lini? Maandishi ya wasafiri hao hayavuki karne ya 19. Kwa yaliyotangulia, hatuna budi kuiuliza ardhi.

Mtaalamu mmoja aliyefanya hivyo ni mwanaakiolojia John Sutton, aliyefanya kazi Dar es Salaam katika miaka ya 1960. Alishughulika zaidi na wakulima na wafugaji kuliko majumba ya wafalme. Mathalani, mashimo ya Sirikwa katika nyanda za juu za Kenya yalidhaniwa kuwa makao ya watu. Sutton alionyesha kuwa yalikuwa mazizi ya ng'ombe, na nyumba zilijengwa kando yake.

Magharibi ya Tabora, karibu na mto Malagarasi, zipo chemchemi za chumvi za Uvinza. Hapo maji yalichemshwa vyunguni mpaka yakakauka, chumvi ikabaki. Vyungu vilivyovunjika vilitupwa papo hapo, pamoja na majivu na mkaa, tabaka juu ya tabaka. Tabaka la chini, lisipovurugwa, ndilo kongwe zaidi. Umri wa mkaa nao hupimika: mti ukisha kufa, kaboni 14 iliyomo hupungua nusu kila miaka 5,730.

Matokeo, ambayo Sutton aliyachapisha mwaka 1968 pamoja na mwanahistoria Andrew Roberts, yalionyesha kuwa chumvi ilikwisha kutengenezwa Uvinza yapata karne ya 5 au ya 6. Misafara ya pwani ilipofika huko katika karne ya 19, ilikuta kazi yenye umri wa zaidi ya miaka 1,000. Wachemshaji walikusanyika wakati wa kiangazi, watawala wa Wavinza wakatoza sehemu ya chumvi, na iliyobaki ikasafirishwa mbali, hata ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Kumbe wenyeji walikuwa wakifanya biashara na kusafiri kabla ya wageni.

Mwaka 2006 Tanzania ilipendekeza vituo sita vya njia hiyo viingizwe katika Urithi wa Dunia, vikiwamo Kwihara na Ujiji. Uvinza haimo. Urithi wake ni vigae, na kigae kikiondolewa katika tabaka lake hakituambii tena umri wake wala kazi yake. Kwa hiyo mwananchi achimbaye msingi wa nyumba au shimo la taka akikuta vigae vingi na majivu, asivichukue wala kuvitawanya, bali aviache vilivyo na kuiarifu Idara ya Malikale.