Mteja Asiyefika Anakula Shilingi Ngapi?

Tuchukue jioni moja Kilwa Masoko. Mwanamke anayejiuza kwa kujitegemea, bila dalali na bila baa inayomtafutia watu, amepatana na mteja kwa simu: shilingi 50,000. Kabla mteja hajabisha hodi, fedha zimeshamtoka mfukoni. Chumba cha gesti 20,000. Bodaboda kwenda na kurudi 4,000. Bando na vocha 1,000. Sabuni, mafuta, kinga na mengine ya kujiandaa 5,000. Bei hizi ni za mfano tu, za kupigia hesabu, na anayeijua kazi aweke zake. Jumla ni 30,000. Mteja akija, faida ni 20,000. Akiingia mitini na simu ikawa haipatikani, hasara ni 30,000.

Mazoea ni kusema mteja wa namna hiyo amemkosesha mtu 50,000. Jumla ni hiyo, lakini inachanganya vitu viwili. Amemkosesha faida ya 20,000 na kumwachia hasara ya 30,000 alizokwisha kuzitoa, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama kazi inalipa au hailipi. Hasara ya mtoro mmoja inafuta faida ya wateja mmoja na nusu waliofika. Katika miadi 10, watoro wakiwa wawili, wanane waliofika wanaleta faida ya 160,000, wawili wanaondoka na 60,000, zinabaki 100,000. Wote wangefika zingekuwa 200,000. Humusi moja ya wateja imekata nusu ya kipato. Watoro wakifika wanne, faida ya 120,000 inakutana na hasara ya 120,000, na usiku kumi umepita bure.

Hapo ndipo ukubwa wa mji unapoingia. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,194,028 katika mkoa mzima wa Lindi, mkoa wenye wastani wa watu 18 hivi kwa kila kilomita ya mraba. Dar es Salaam ilikuwa na watu 5,383,728, waliobanana katika eneo ambalo ni sehemu ndogo sana ya Lindi. Katika mji mkubwa, mteja akipotea saa tatu usiku, yupo mwingine anayeweza kupatikana saa nne. Tuseme nusu ya mapengo yanazibika hivyo. Katika miadi 10 yenye watoro wawili, pengo moja limezibwa: wateja tisa, faida 180,000, toa 30,000, baki 150,000. Masoko, ambako jioni yenye simu mbili ni jioni njema, mwenzake anabaki na 100,000 zile zile. Utoro ni ule ule, lakini soko jembamba linautoza zaidi.

Dawa inayotajwa kila mahali ni arbuni, au kishika uchumba kama wengine wanavyoiita kwa utani. Ukomo wake wengi hawaupimi. Wanaogopa kuwa wakidai hata 10,000 kabla, wateja wazuri watakimbia. Ni kweli wengine watakimbia. Swali ni wangapi. Mteja mwaminifu anayekimbia anaondoka na faida ya 20,000. Mtoro anayezuiliwa anaokoa 30,000. Katika wale kumi wetu, arbuni ikiwazuia watoro wote wawili na kuwakimbiza waaminifu watatu kati ya wanane, watano wanaobaki wanaleta faida ya 100,000, sawasawa na alichokuwa akipata bila arbuni. Akipoteza waaminifu wawili tu, yuko mbele kwa 20,000. Na hata anapotoka sare, amepata kiasi hicho kwa miadi mitano badala ya kumi: vyumba vitano, safari tano za bodaboda, na watu watano wasiofahamika badala ya wanane. Hofu ya kukimbiza wateja ina msingi, ila ni kubwa kuliko hesabu yenyewe.

Arbuni inafanya pia kazi ambayo pengine ina thamani kuliko fedha yenyewe. Laini za simu Tanzania zimesajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha NIDA, na zile zisizosajiliwa hivyo zilianza kuzimwa Januari 20, 2020. Mtu akituma 10,000 kutoka kwenye simu yake, ujumbe unaoingia unabeba jina. Aliyejitambulisha kama fundi wa mitambo aitwaye Juma, na jina likatokea lingine kabisa, ameshajibu swali ambalo hakuulizwa. Ila zipo njia za kulikwepa. Fedha ikiwekwa kwa wakala, jina linalokuja ni la wakala, kwa hiyo sharti liwe simu kwa simu. Na ujumbe wa muamala unaweza kughushiwa kirahisi. Kinachoaminika ni salio unaloliangalia mwenyewe kwenye menyu. Nchi iliyozoea kupokea ujumbe wa "ile pesa tuma kwenye namba hii" haihitaji somo refu kuhusu hilo.

Jina hilo hilo ndilo linalomfanya mteja wa Kilwa asite. Mwalimu, mfanyabiashara wa samaki au ofisa wa halmashauri hataki kubaki kwenye simu ya mtu katika mji ambao kila mtu ana shemeji yake sokoni. Ndiyo maana sidhani kiwango kikubwa cha arbuni kinafaa pwani hii. Arbuni ya 30,000 ingefunika hasara yote kwenye karatasi, lakini inamtaka mgeni amwamini asiyemjua kwa fedha nyingi, wakati matapeli wanaojifanya wanawake, wanaopokea arbuni na kuzima simu, wameshamtia woga. Kwa bei za mfano wetu, 10,000 inatosha: ni nusu ya chumba, na ni nzito kiasi cha kumchuja anayepiga simu kwa kupoteza muda tu.

Namna nyingine ya kupunguza hasara ni kubadilisha mahali. Mwanahistoria Luise White, katika kitabu chake cha 1990 kuhusu ukahaba wa Nairobi ya kikoloni, alieleza mifumo mitatu ambayo wanawake wenyewe waliipa majina: watembezi waliotoka kutafuta wanaume, malaya waliowasubiri kwenye vyumba walivyopanga, na wazi-wazi waliokaa mlangoni na kutaja bei. Tukiusoma mfumo wa pili kwa jicho la mhasibu, tunaona kitu. Mwenye chumba chake halipi chumba kwa kila miadi. Kodi ikiwa 40,000 kwa mwezi na miadi 20, kila miadi inabeba 2,000. Ongeza 1,000 za simu na 5,000 za maandalizi: gharama ya kabla imeshuka kutoka 30,000 hadi 8,000. Wale watoro wawili kati ya kumi sasa wanakula 16,000 tu, na faida ya wanane ni 336,000. Tofauti ni kubwa kiasi kwamba arbuni inakaribia kukosa maana. Bei yake inalipwa kwingine: mteja sasa anajua unapolala, majirani wanahesabu viatu mlangoni, na mwenye nyumba anaweza kukutoa Jumatatu asubuhi.

Mlinganisho wa karibu zaidi uko bandarini. Nahodha wa boti anayewapeleka wageni Songo Mnara, magofu yaliyoingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia pamoja na Kilwa Kisiwani mwaka 1981, naye anauza muda wake kwa watu asiowajua. Tuseme anatoza 150,000: mafuta 60,000, kibarua 15,000, chakula cha wageni 25,000, faida 50,000. Wageni wasipotokea, mafuta yamebaki kwenye tangi. Hasara yake ni 40,000, pungufu ya faida ya safari moja, na samaki waliopikwa watoto watawala. Mtoro anamgharimu nahodha asilimia 80 ya faida ya safari. Mwenzake wa gesti, asilimia 150.

Tena nahodha ana pa kukimbilia. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 73, inampa haki ya fidia aliyevunjiwa makubaliano. Kwa 40,000 hataenda mahakamani, lakini mteja anajua kuwa anaweza. Hata kwenye fikihi suala la arbuni yake lina kikao: wanazuoni wengi, wakiwemo wa madhehebu ya Shafi yanayofuatwa pwani hii, hawakukubali muuzaji ale arbuni pale mnunuzi anapoghairi, Imamu Ahmad bin Hanbal aliruhusu, na Baraza la Fikihi la Jumuiya ya Nchi za Kiislamu likaruhusu mwaka 1993, kwa sharti la kuweka muda. Arbuni ya dada poa hakuna sheikh atakayeikalia kikao. Wala hakimu. Kifungu cha 23 cha sheria ile ile kinabatilisha makubaliano ambayo lengo lake ni kinyume cha sheria au maadili, na Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inakataza kutafuta wateja hadharani na kuishi kwa mapato ya ukahaba. Mwaka 1866, katika kesi ya Pearce v Brooks, mahakama ya Uingereza iliwanyima waliokodisha gari la farasi haki ya kudai malipo yao kwa mwanamke, kwa kuwa walijua gari lingemsaidia katika kazi hiyo. Kwa mantiki hiyo hata mwenye gesti anayejua kinachoendelea ana mguu mfupi mbele ya sheria, na si ajabu hataki kusikia habari ya kulipwa asubuhi.

Hadi hapa tumehesabu asiyefika. Anayefika anaweza kuwa ghali zaidi. Tuseme mmoja kati ya wateja 100 anapiga, na kipigo kinaleta hasara ya 500,000: matibabu, nauli, na wiki kadhaa bila kazi. Ukiigawanya kwa wateja wote 100, kila mmoja anabeba 5,000, sehemu ya kumi ya bei, kabla hatujagusa maumivu ambayo hayana bei. Na aliyeumizwa, akitaka shambulio lake lirekodiwe, anahitaji fomu ya polisi namba 3, PF3. Fomu hiyo iko kituoni. Kituoni ataulizwa alikuwa gesti akifanya nini.

Kwa hiyo anayefanya kazi peke yake ananunua usalama kwa njia za bei nafuu: kumwachia rafiki namba ya mteja, jina la gesti na saa ya kutoka, kisha kumpigia saa hiyo ikifika. Gharama yake ni dakika chache za maongezi dhidi ya zile 5,000. Uingereza kazi hiyo ilikuzwa kuwa taasisi: National Ugly Mugs, iliyoanzishwa 2012, inapokea taarifa za wateja hatari na kuwatahadharisha wengine. Kwetu orodha kama hiyo ikizungushwa kwenye makundi ya simu inagongana na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na jina moja lililowekwa kwa chuki linatosha kumwangamiza asiye na kosa. Kuambizana namba ya simu, mtu kwa mtu, bila jina na bila picha, kunapunguza hatari zote mbili.

Yapo pia mapengo yasiyo na mkosaji. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipoleta mafuriko, barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ilikatika Somanga, na aliyekuwa njiani kutoka Dar hakuwa na njia ya kufika Masoko. Mteja wa siku kama hiyo si mtoro, na kula arbuni yake ni kujipunguzia wateja. Nadhani kipimo kiwe saa ya taarifa. Akipiga simu kabla chumba hakijalipiwa, kilichopotea ni bando la 1,000. Arudishiwe 9,000 au ahamishiwe siku nyingine. Akipiga chumba kikiwa kimelipiwa, 10,000 yote imeshaliwa na gesti na bado 10,000 ya chumba hicho inadaiwa. Msimu wa ufuta katikati ya mwaka, na wa korosho kuanzia Oktoba, fedha za minada zinapoingia mikononi mwa wakulima, gesti hujaa mapema na chumba hulipiwa mchana. Basi saa ya mwisho ya kughairi nayo isogezwe hadi adhuhuri, na mteja aambiwe hivyo kabla hajatuma fedha.