Kuku Mgonjwa na Mikono Inayomnyonyoa

Kuku akianza kulegea na kuinamisha kichwa, mwenye nyumba hushika kisu upesi. Kuku ni feza ya masomo. Akifa mwenyewe ni hasara. Hapa Kamina watu husema, "Moto unaua kila ugonjwa." Kwa homa ya mafua ya ndege ni kweli: nyama iliyoiva kabisa haiileti. Lakini kabla ya moto kuna mikono ya mama anayenyonyoa, na ya mtoto anayetupa matumbo.

Homa ya mafua, ndiyo gripe, huletwa na virusi. Virusi vyake vingi hukaa matumboni mwa bata wa mwitu na ndege wengine wa majini, mara nyingi bila kuwaumiza, navyo hutoka pamoja na mavi yao. Kila kirusi kina ufunguo. Ule wa ndege haufungui vizuri mlango wa koo la mtu, kwa hiyo wanaoambukizwa ni wachache. Lakini ukivuta vumbi la manyoya, au ukijipangusa macho kwa mikono yenye damu, kinaweza kuingia. Huko Hong Kong, mwaka 1997, watu 18 waliugua hivyo, wakafa 6.

Nguruwe ana milango yote miwili, wa ndege na wa watu. Ndani yake virusi vyaweza kuchanganyika na kuzaa kipya. Gripe iliyozunguka dunia mwaka 2009 ilitoka kwa nguruwe. Basi nguruwe, bata na kuku wasilale zizi moja.

Wala si habari za mbali tu. Januari 2017 ndege wengi walikufa Lutembe, kando ya Ziwa Victoria katika Uganda. Mwaka uleule ugonjwa ukaua bata na kuku katika Ituri, nchini mwetu, karibu na Ziwa Albert. Kirusi hicho, H5N8, kilionekana kwa wafanyakazi 7 wa shamba la kuku katika Urusi, Desemba 2020.

Kuku wetu wengi hufa kwa ugonjwa wa Newcastle, lakini kwa macho tu hata mganga wa wanyama hawezi kuitofautisha miwili hiyo. Wakifa wengi kwa ghafula, usiwanyonyoe, usiwauze sokoni, usiwatupe mtoni. Vaa mfuko wa plastiki mkononi, uwazike katika shimo refu, unawe kwa sabuni, na umpashe habari mganga wa wanyama.

Na ukishikwa na homa, kikohozi au kupumua kwa shida katika siku kumi baada ya hapo, usinunue penisilini sokoni, haiui virusi. Dawa yake ipo, nayo hufaa zaidi ikianzwa katika siku mbili za kwanza. Njoo hospitali upesi, na neno lako la kwanza kwa munganga liwe hili: "Kuku wangu walikufa."